Saa ya Kwetu Ndani ya Ukurasa

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara, Tanzania, kuingia Rwanda, unarudi nyuma saa nzima. Ukipitia Kabanga kuingia Kobero, Burundi, ni vilevile. Watu wa mpakani wamelizoea jambo hili. Wakiahidiana kukutana wanaulizana tu, saa ya huku au ya ng'ambo, basi yamekwisha. Kompyuta haina mazoea hayo. Wala haihesabu saa kama sisi: kwake saa 12 asubuhi ni 06:00, na katika programu za kujengea kurasa za tovuti ninazozifahamu, sijaona hata moja inayokuja na kisanduku cha kuandikia saa za Kiswahili. Lazima mtu akae akitengeneze. Mtu huyo, fundi wa plagini, yaani vipande vya kuongezea programu kubwa uwezo, ndiye ninayetaka kumsifu.

Nafasi ya kazi yake ilifunguliwa zamani kidogo. Mwaka 2003 Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza walichukua b2, programu ya kublogu ya Mfaransa Michel Valdrighi ambayo ilikuwa imekwama, wakaiendeleza kwa jina la WordPress. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni yake, GPL, inamruhusu yeyote kuichukua, kuibadili na kuigawa. Mwaka uliofuata, toleo la 1.2 likaleta plagini. Kabla ya hapo, aliyetaka kuongeza kitu alifumua mafaili ya programu yenyewe, na toleo jipya lilipotoka, jasho lake lote lilifutika. Baada ya hapo programu kubwa ikawa na vituo: ikifika mahali fulani katika kazi yake inasimama na kuuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Fundi anaandika faili lake pembeni, anajiandikisha kwenye kituo anachokitaka kwa add_action au add_filter, na zamu yake ikifika, anasikilizwa. Hajagusa hata mstari mmoja wa mwenzake.

Hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika ufundi huu. Unaongeza bila kubomoa.

Elementor, plagini ya WordPress ya kujengea kurasa, ilipoingia mwaka 2016, ujenzi wa kurasa ukawafikia hata wasiojua msimbo. Mwenye nyumba ya wageni pale Benako anaweza kuburuta picha, kichwa cha habari na namba ya simu, akaviweka anapotaka. Nayo Elementor imeacha nafasi ya wageni: fundi anaandika wijeti yake, yaani kipande cha kuburuta hadi kwenye ukurasa, inajipanga kwenye orodha pamoja na zile za asili, na anayeburuta hatambui ipi ni ya nani. Kila wijeti ina nyuso mbili. Uso mmoja ni ule wa visanduku anavyojaza mwenye tovuti. Wa pili ni ule anaouona msomaji. Mafundi wengi huhangaika na uso wa pili, rangi na vivuli. Mimi nampima fundi kwa uso wa kwanza. Visanduku vikiwa vimeandikwa "Saa ya kuondoka", "Anapopakia abiria" na "Siku zisizo na safari", karani wa ofisi ya mabasi atavijaza mwenyewe bila kumpigia mtu simu. Vikiwa na maneno ya kigeni, ratiba itabaki ya mwaka jana.

Chukua mfano wa basi litokalo Ngara mjini kwenda Bukoba kwa kupitia Benako, Lusahunga na Biharamulo. Kuibadili saa ya kompyuta kuwa yetu ni hesabu nyepesi: ongeza 6, gawanya kwa 12, kinachobaki ndiyo saa, kikibaki sifuri, andika 12. Hivyo 07:00 inakuwa saa 1, 13:00 inakuwa saa 7, na 18:00 inakuwa saa 12. Hesabu imekwisha, kazi bado. Saa 10 ni ya alfajiri au ya jioni? Abiria akikosea hapo, basi limemwacha. Fundi inabidi akae aamue kwamba saa 9 ni usiku ila saa 10 ni alfajiri, na kwamba mchana unaishia mahali fulani ili jioni ianze, jambo ambalo watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kubishania. Kisha kuna gari linalopita Nyakanazi saa 8 usiku. Kompyuta inasema ni Jumamosi, 02:00. Msafiri anasema ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na asipoyasoma maneno hayo atakwenda kituoni Jumamosi usiku na kukuta limepita jana yake. Wijeti nzuri huyaandika yote: "saa 8 usiku, kuamkia Jumamosi". Mistari ya msimbo inayofanya hivyo haijazi ukurasa, lakini aliyeiandika alikaa akamfikiria mtu aliyesimama gizani na mzigo wake.

Saa ya mpakani nayo inashughulikiwa kwa utulivu uleule. Katika hazina ya majira ambayo kompyuta za dunia hutumia, Dar es Salaam imeunganishwa na Nairobi, ilhali Kigali na Bujumbura zimeunganishwa na Maputo. Fundi anataja jina la mji, tofauti inajihesabu yenyewe. Fikiria manufaa yake kwa kituo kama Radio Kwizera, kilichoanza Ngara mwaka 1995 chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na ambacho masafa yake hayasimami mpakani. Ratiba ya vipindi ikionyesha saa mbili bega kwa bega, msikilizaji wa kila upande anaisoma ya kwake.

Adabu ya ufundi huu ina mengine mawili. La kwanza ni wepesi. Msomaji wa huku anafungua ukurasa kwa simu na kwa bando alilolinunua kwa hela yake. Plagini inayomwaga mafaili yake kwenye kila ukurasa, hata ule usioihitaji, inamlia bando bure. Elementor inamruhusu fundi kutaja mafaili ambayo wijeti yake inayategemea, yapakiwe pale tu inapotumika. Asiyefanya hivyo ni mvivu, sina neno jingine. La pili ni kujua kuondoka. Plagini iliyozimwa isiache ukurasa umejaa mabano ya mraba na maneno yasiyoeleweka. Miaka mingi kosa moja ndani ya plagini liliweza kuifanya tovuti nzima iwe nyeupe tupu. Ni toleo la 5.2 la mwaka 2019 lililompa mwenye tovuti njia ya kuingia na kuizima ile iliyoharibika.

Vijana wa Ngara na Biharamulo wenye kompyuta, kazi hii inawangoja ninyi, kwa sababu aliye mbali hawezi kujua kwamba mpakani kunahitajika saa mbili. Plagini ndogo kabisa ni faili moja la PHP lenye jina lake juu, ndani ya alama za maelezo, na WordPress inaitambua hapohapo. Anzeni na hilo faili moja, na visanduku vyake mviandike kwa Kiswahili.