'Aina ya mti' si fasili: Kamusi zetu zina deni kwa miti ya kiasili

Majuzi binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, alibisha mlangoni kwangu akiwa na daftari mkononi. "Mwalimu, mkuyu ndio mti gani?" Darasani walikuwa wamesimuliwa kisa cha Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia (si mwingine), aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu. Nikajitia ujuzi, nikafungua kamusi. Ikanieleza kuwa mkuyu ni aina ya mti uzaao kuyu. Nikatafuta kuyu. Eti ni tunda la mkuyu! Binti akanitazama, nami nikamtazama. Kamusi ilikuwa imetuzungusha kama ngamia wa kinu.

Kosa hili si la kidahizo kimoja. Pekua kurasa za herufi 'm' katika kamusi nyingi za Kiswahili na utakuta miti chungu nzima iliyofafanuliwa kwa maneno 'aina ya mti' na kuachwa hapo. Wanaleksikografia wanajua kwamba fasili nzuri hutaja jamii ya kitu, kisha sifa zinazokitenga na vingine vya jamii hiyo. 'Aina ya mti' hutimiza la kwanza tu. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa kumwambia kuwa nyumba unayokaa ni aina ya nyumba.

Wazee wetu hawakuwa na kamusi, lakini walikuwa na utaratibu. Mti waliutambua kwa mambo matatu: sura yake, kazi yake na kisa chake.

Tuanze na mkuyu wenyewe. Shina lake ni nene, lenye gome la manjano linalobanduka, na matunda yake hujazana kwa vishada juu ya shina na matawi makubwa. Hupenda kandokando ya mito, kwa hivyo msafiri aliyeuona aliamini kuwa maji hayako mbali. Mkuyu huu wa mitoni kwetu ndio ule ule wa Zakayo. Wanasayansi huuita Ficus sycomorus. Matawi yake hutanda, mengine yakianzia chini, na hapo utaelewa ni vipi mtu mfupi alimudu kuupanda.

Mugumo ni jamaa yake, ila tabia ni nyingine. Aghalabu huanza maisha kama mbegu iliyodondoshwa na ndege juu ya mti mwingine, kisha huteremsha mizizi inayomzinga mwenyeji wake hadi kumkaba. Miongoni mwa Wakikuyu ni mti mtakatifu. Katika kitabu chake Unbowed (2006), Wangari Maathai anasimulia jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye alikuja kuelewa uhusiano uliopo kati ya mizizi ya miti hiyo na chemchemi. Kisa basi kilikuwa kitambulisho na pia sheria ya kulinda maji.

Na mbuyu je? Husimuliwa kwamba ulipandwa kichwa chini, miguu juu. Hebu nenda Kilifi wakati wa kiangazi, mbuyu ukiwa umepukutisha majani. Matawi ni mizizi mitupu! Mtoto aliyesikia ngano hiyo hatauliza mara mbili. Mwongezee kuwa tunda lake hutoa ubuyu na gome lake hutoa nyuzi za kamba, na fasili imekamilika.

Sisemi kila simulizi ichukuliwe jinsi ilivyo. Jina la mwarobaini hutuambia kuwa mti huo hutibu maradhi arobaini, na wengi huudhani kuwa wa kwetu tangu jadi, ilhali asili yake ni Asia. Kisa kisiposhikwa mkono na sura na kazi, huweza kupotosha.

Watetezi wa kamusi wataniambia kuwa kamusi si kitabu cha botania. Kweli. Lakini Charles Sacleux, padri aliyekusanya pia mimea, alionyesha katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka wa 1939 kwamba majina ya miti yanaweza kutendewa haki ndani ya kamusi. Baadaye Henk Beentje alituandikia kitabu kizima kuhusu miti ya Kenya (1994), tena kwa Kiingereza. Maarifa yapo, yaliyokosekana ni kuyarejesha katika Kiswahili. Wala nafasi nyingi haihitajiki:

mkuyu nm [u-/i-] mti mkubwa wa kandokando ya mito, wenye gome la manjano na matunda yanayoshikamana kwa vishada kwenye shina. Katika jamii kadhaa huheshimiwa na haukatwi ovyo.

Mistari mitatu tu!

Kwani kuna haja gani ya kuhangaika? Serikali imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Ukimtuma mtoto achague mche, atachagua anaoujua, na wengi wao wanaujua mkalitusi, mti mgeni unaokunywa maji kwa pupa. Mti usiojulikana hauna wa kuutetea shoka likija.

Jumamosi nilimpeleka yule binti mtoni, wazazi wake wakiwa nasi. Nilimwambia atafute mti uliozaa matunda shinani. Haikuchukua dakika kumi. "Kumbe ni huu? Mimi hupita hapa kila siku!" Wahariri wa kamusi, toleo lenu lijalo limwezeshe mtoto kama huyu kuutambua mti bila kunibishia mlango.