Namna ya Kuutambua Mpango Mzuri wa Biashara Tunduma

Ukiletewa mpango wa biashara ya mahindi ya kuvusha mpaka, fungua kwanza ukurasa wa hali zinazoweza kutokea. Ukikuta zimeandikwa "nzuri", "ya wastani" na "mbaya", urudishe. Hiyo ni bei moja tu, imepandishwa na kushushwa. Mpango uliofanyiwa kazi unataja chanzo: mvua za kusini mwa Zambia, amri ya serikali, thamani ya kwacha.

Kisha angalia kama mwandishi amekifuata chanzo hadi mwisho wake. Hapo ndipo wengi huchoka. Februari 29, 2024, Rais Hichilema alitangaza ukame wa Zambia kuwa janga la kitaifa, wakati mahindi ya Mbozi, upande wetu wa Tanzania, yakiwa bado shambani. Aliyejiandaa alikuwa na miezi kadhaa ya kutafuta ghala, magunia na mnunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Lakini mpango unaosema "ukame Zambia, bei juu" umeishia njiani, maana njaa ya jirani huziingiza serikali sokoni. Mwaka huohuo NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula wa Tanzania, ilikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000. Mfanyabiashara mdogo akajikuta na mshindani mwenye maghala yake. Mpango mzuri ungekuwa umemtaja mshindani huyo mapema, na kueleza yeye abaki na mnunuzi gani.

Angalia pia kama mpango unajua bidhaa yake. Mei 2020 Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, mwenye mahindi gharani aliweza kusubiri; mwenye nyanya kwenye lori hakuweza. Aprili 2025 Tanzania ilipozuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi, zuio lilidumu siku chache, lakini kwa matunda siku chache ni nyingi mno.

Pierre Wack wa Shell, aliyesifika kwa kazi hii ya kuandika hali zinazoweza kutokea wakati wa mgogoro wa mafuta wa 1973, alitaka ibadilishe fikra za wakubwa wa kampuni. Kwetu nadai zaidi: kila hali iwe na dalili yake, na mtu anayeifuatilia kwa jina, awe anaulizia bei ya debe Nakonde au kiwango cha kwacha kwa wabadilisha fedha.

Mwisho muulize mwandishi ni hali ipi ikitokea hatutakuwa na la kufanya. Akisema hakuna, kazi haijaisha. Akikuonyesha hali hiyo, pamoja na kiasi cha mtaji ambacho kwa sababu yake hakitavuka boda, kaa naye mpitie hesabu.