Asiyeridhika, Mnung'unikaji na Mwenye Kinyongo

Kivumishi cha Kiingereza “disgruntled” humhusu mtu anayeona hakutendewa haki, akabaki na uchungu: mfanyakazi aliyenyimwa cheo, mteja aliyepunjwa. Mfiwa haitwi hivyo, kwa kuwa hana wa kumlaumu. Neno lilizuka katika karne ya 17 kutokana na “gruntle”, kitenzi cha kugunaguna, ambacho nacho kimezaliwa na “grunt”, mguno kama wa nguruwe. Kiambishi “dis-” kimezoeleka kwa kukanusha, lakini hapa kinakazia tu. Kwa hiyo “gruntled” kwa maana ya aliyeridhika ni mzaha wa baadaye, uliopata umaarufu kwa riwaya ya P. G. Wodehouse ya mwaka 1938.

Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha kubeba yote hayo, na hakijapungukiwa chochote. Kinatumia urejeshi. Ichukuliwe fidia ya ardhi, mada isiyo ngeni Mbegani, Bagamoyo, ambako jiwe la msingi la mradi wa bandari liliwekwa Oktoba 2015. Gazeti likiandika “wakazi wasioridhika”, ukanushi umo katika -si-, urejeshi katika -o-, na shina ridhi lina asili ya Kiarabu. Njeo haimo, ndiyo maana umbo hilo linakaa baada ya nomino kama kivumishi. Ikiwekwa -sha mahali pa -ka, lawama inahamia kwenye malipo: “fidia isiyoridhisha”.

Hata hivyo, kutoridhika ni lugha ya ofisini. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa, wala hahitaji kuwa na hasira. Anayenung'unika yuko karibu zaidi na mguno wa Kiingereza: anasema, ila chini chini, na huenda asifike kwa mtendaji wa kijiji. Akifika na kueleza shida yake, huyo sasa analalamika. Aliyenuna hasemi kitu. Uso wake unatosha.

Mwenye kinyongo ni mgumu kumtambua. Anaweza kupokea malipo, akatia saini na kushukuru, huku moyoni hajasamehe. Habari ya mfanyakazi aliyeharibu kumbukumbu za kampuni ili kulipiza kisasi inamhitaji huyu. Mfasiri anayeandika “asiyeridhika” hapo hajakosea sarufi, lakini ameifuta sababu ya kisasi. Habari ya wafanyakazi wanaoteta pembeni kuhusu mishahara, kwa upande wake, inataka “wanaonung'unika”.