Mchezo wa Mashujaa

Mchezo wa "Marvel Rivals", uliotoka Desemba 2024, huchezwa kwa intaneti, watu sita kwa sita. Kila mmoja hujichagulia shujaa, kama vile Black Panther: wako walinzi, wapigaji, na wasaidizi wanaoponya wenzao. Mchezaji mgeni hukimbilia upigaji, maana ndiko kwenye sifa. Kikosi kikishindwa, hulaumu wenzake. Wavuvi wa ndagala wa kwetu Baraka walilijua hilo zamani: wote wakishika wavu, nani atapiga kasia? Hapo mchezo wafundisha vema. Lakini wadanganya kwa jambo moja: humo aliyeuawa hurudi upesi vitani. Vijana wa Fizi, wanaoitwa kushika bunduki, wajua kwamba aliyeuawa harudi. Basi, acheze atakaye, ila asisahau tofauti hiyo.