Ni Nani Aliyesema Yeye Ni Mfalme?

Yafaa sisi walimu wa lugha tuzisome sura za 18 na 19 za Injili ya Yohana kama tusomavyo tamthiliya, tukiuliza kila neno latoka kinywani mwa nani. Liwali Pilato ataka kujua kama mtuhumiwa aliye mbele yake ndiye mfalme wa Wayahudi. Yesu hajibu ndiyo wala siyo. Kwanza auliza iwapo maneno hayo ni ya Pilato mwenyewe au ameambiwa na wengine. Kwa lugha ya darasani, ataka kujua kama huu ni usemi halisi au usemi wa taarifa. Swali hili si la mzaha, kwani katika Dola ya Rumi aliyejiita mfalme bila idhini ya Kaisari alihesabiwa kuwa mwasi, na mwasi aliuawa.

Tangu hapo neno "mfalme" lapita kinywa hadi kinywa, na kila msemaji hulivika maana yake. Yesu aeleza ufalme ambao asili yake si ya dunia hii. Askari walitumia neno hilo kwa dhihaka, wakimvika taji la miiba na vazi la zambarau. Makuhani wakuu nao wadai kwamba mfalme wao ni Kaisari peke yake. Hapa ndipo penye kinaya cha mtunzi: wenye kudhihaki ndio watamkao lile aliaminilo yeye.

Kilele ni anwani iliyowekwa msalabani kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki. Makuhani hawakudai iondolewe, bali iandikwe kwamba yeye ndiye aliyesema ni mfalme. Tofauti ni kitenzi kimoja tu, lakini kitenzi hicho kingaligeuza tamko la liwali kuwa madai ya mhalifu. Pilato alikataa.

Hata hivyo, tusiharakishe kumsifu. Mara tatu alikiri kwamba haoni hatia kwa mtu huyu, kisha akamtoa asulibiwe. Aliilinda sentensi yake, asimlinde mwenye kutajwa ndani yake.

Basi mwanafunzi akituuliza usemi wa taarifa una manufaa gani nje ya mtihani, tumfungulie ukurasa huu, aone jinsi neno "alisema" lilivyogombaniwa juu ya kichwa cha mtu anayekufa.