Chimbuko la Wabantu Likitazamwa kutoka Mpanda

Marehemu Malcolm Guthrie alihesabu mashina ya maneno yaliyoenea katika lugha za Kibantu, akaona kuwa Kiluba na Kibemba zimehifadhi mengi kupita nyingine. Kwa hiyo akaweka kitovu cha lugha hizo kusini ya misitu ya Kongo, upande wa Katanga. Yaani ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, si mbali na Mpanda. Nadharia hiyo yapendeza masikioni mwa Mpimbwe na Mbende, kwani yawafanya kuwa watu ambao hawakwenda mbali na kwao. Walakini kutunza maneno ya wazee si ushahidi kuwa wazee walizaliwa hapo. Mjukuu aliye ugenini huweza kuhifadhi mali ambayo nyumbani imekwisha tupwa.

Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha 1963, alishika kanuni iliyo bora: chimbuko litafutwe mahali lugha hizo zinapopakana na ndugu zao wa mbali, nazo zinatofautiana mno. Mahali hapo ni mpaka wa Nigeria na Kameruni. Roland Oliver, mwaka 1966, aliwapatanisha wawili hao kwa kuifanya Katanga kuwa kituo cha pili cha safari. Suluhu hiyo ina busara, lakini hesabu ya mashina peke yake haithibitishi kituo chochote, cha kwanza wala cha pili.

Tena Guthrie alikitia Kipimbwe katika kanda M na Kibende katika kanda F, ilhali lugha zote mbili zimo katika Mkoa wa Katavi, ulioundwa 2012. Herufi hizo ni anwani, si nasaba. Azisomaye kama njia mbili za wahamiaji ajitungia historia. Njia zenyewe zapasa kutafutwa katika sauti na sarufi za Kipimbwe, Kirungwa, Kifipa, Kibende na Kitongwe, kijiji kwa kijiji, maadamu wazee wazisemao wangalipo.