Cheche: jina letu, lugha ya nani?

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, ukitaka kuanzisha kijarida chuoni lazima siku moja utatajiwa Cheche. Na likitajwa ni sifa tupu: jamaa walithubutu, wakafungiwa, basi. Sifa hizo ni halali yao. Ila kuna swali hatuwaulizi, na linatuhusu sisi huku Tanga kuliko hao wa Mlimani.

Kwanza tuwape haki yao. Cheche lilianza Novemba 1969, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likitolewa na wanafunzi wa USARF pamoja na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU. Karim Hirji na Henry Mapolu walikuwa miongoni mwa wahariri. Mtambo wa maana hapakuwa. Ni stensili, karatasi na watu wa kukesha. Septemba 1970 wakatoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya kijana Issa Shivji, juu ya mapambano ya kitabaka yanayokwenda kimyakimya. Novemba mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku, na USARF nayo ikafutwa. Wakubwa waliona jina linanuka Urusi, maana gazeti la Lenin, Iskra, tafsiri yake ni cheche.

Sasa swali. Jina ni Kiswahili safi, hata mtoto wa chekechea analijua. Fungua ndani: karibu yote Kiingereza, tena kile cha vitabu vizito. Shivji alikuwa anauliza, mali ikishataifishwa, nani hasa anaishika? Ndugu zangu, si ndilo swali la mkonge hilo? Mashamba mengi ya mkonge yaliingia mikononi mwa serikali mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Mkata mkonge wa Muheza au Korogwe alikuwa shahidi wa kwanza wa makala ile, na ndiye asiyeweza kuisoma.

Najua utetezi wao. Mlimani kulikuwa na wanafunzi wa nchi nyingi, Museveni wa Uganda akiwa mmoja wa viongozi wa USARF, na fikra zilitakiwa zivuke mipaka. Nakubali. Lakini kurasa nne tu za Kiswahili zingemzuia nani kuvuka mpaka?

Wala msiniambie lugha ilikuwa haijakomaa. Mwaka uleule wa 1969 Nyerere alimtoa Shakespeare kwa Kiswahili, akakiita kitabu Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilikuwa linatembea mitaani, linangoja makala tu.

Na sisi Tanga tusijigambe. Zamani za Mjerumani shule ya serikali hapa hapa mjini ilitoa gazeti la Kiongozi, Kiswahili mwanzo mwisho, likapigwa chapa palepale shuleni na kusomwa mpaka bara. Lakini lilikuwa gazeti la mkoloni: lilikuwa na lugha, halikuwa na ubavu wa kumhoji mwenye mtambo. Cheche lilikuwa na ubavu, likajinyima lugha. Mimi sitaki tuchague kati ya hayo mawili.

Kwamba yanaweza kukaa pamoja, Shivji mwenyewe ametuonyesha. Baadaye alikuja kuandika kwa Kiswahili, na hoja zake hazikupungua uzito hata kidogo. Zilipata wasomaji wengine tu, watu ambao Mlimani hawajawahi kupanda.

Kwa hiyo wewe unayechapa kijarida chako kwa hela ya kuungaunga, usiige Cheche kwa kutafuta kufungiwa. Kufungiwa si kipaji. Iga ule ukesha na ule ujasiri, halafu kabla ya kupeleka fotokopi, msomee makala yako mtu wa kijiweni Ngamiani. Akisema hapa sijakupata, usimcheke. Kaa chini, andika upya.